Clara Barton

Clara Barton (jina kamili: Clarissa Harlowe Barton, 25 Desemba 1821 – 12 Aprili 1912) alikuwa mwalimu, muuguzi na mtetezi wa haki za binadamu kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kuwahudumia majeruhi wakati wa Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) na kwa kuanzisha Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani mwaka 1881. Aliliongoza shirika hilo kwa miaka 23.

Barton anakumbukwa pia kama mmoja wa watu waliobadilisha maana ya Msalaba Mwekundu duniani. Ulipoanzishwa huko Ulaya, Msalaba Mwekundu ulikusudiwa kuwasaidia wanajeshi waliojeruhiwa vitani. Barton alisisitiza kwamba unapaswa kuwasaidia pia raia waliokumbwa na mafuriko, moto, vimbunga, njaa na magonjwa ya mlipuko wakati wa amani. Katika kazi hiyo alikutana mara nyingi na swali la haki: nani hupata msaada baada ya maafa, nani husahauliwa, na msaada utolewe vipi ili aliyeupokea aweze kusimama tena kwa miguu yake mwenyewe.

Utoto na familia

Barton alizaliwa siku ya Krismasi katika kijiji cha North Oxford, jimbo la Massachusetts. Alikuwa kitinda mimba kati ya watoto watano wa Stephen Barton na mke wake Sarah Stone. Baba yake alikuwa mkulima aliyewahi kuwa askari, na jioni alikuwa akimsimulia binti yake habari za vita na maisha ya jeshini. Dada na kaka zake walimzidi sana kwa umri, na ndio waliomfundisha kusoma, kuhesabu na kupanda farasi.

Alikuwa mtoto mwenye haya nyingi. Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi, kaka yake David alianguka kutoka juu ya ghala lililokuwa likijengwa akaumia vibaya. Clara alimuuguza kwa muda wa miaka miwili hivi, akimpa dawa na kumwekea ruba kama madaktari wa wakati ule walivyoagiza, hadi akapona. Hayo ndiyo mafunzo yake ya kwanza ya uuguzi, na hakuwahi kusomea kazi hiyo katika chuo chochote.

Ualimu na kazi ya ukarani

Barton alianza kufundisha mwaka 1839, akiwa na umri wa miaka 17. Alifundisha katika shule za Massachusetts kwa zaidi ya miaka kumi, kisha akajiendeleza kimasomo huko Clinton, jimbo la New York.

Mwaka 1852 alifika katika mji wa Bordentown, jimbo la New Jersey. Huko aliwakuta watoto wengi wakizurura mitaani kwa sababu wazazi wao hawakuweza kulipa karo. Aliwashawishi viongozi wa mji wamruhusu kufungua shule isiyotoza karo, akajitolea kufundisha mwanzoni bila mshahara. Wanafunzi walikuwa wachache sana siku ya kwanza, lakini baada ya muda mfupi walifikia mamia, na mji ukajenga jengo jipya la shule. Jengo lilipokamilika, wakuu wa shule walimteua mwanamume kuwa mwalimu mkuu na kumlipa mshahara mkubwa kuliko wake. Barton alijiuzulu.

Mwaka 1854 alihamia Washington, D.C., akaajiriwa kuwa karani katika Ofisi ya Hataza. Alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza kupata kazi ya namna hiyo katika serikali ya Marekani, na kwa muda alilipwa mshahara sawa na wanaume. Baadhi ya makarani walimdhihaki, na utawala ulipobadilika alishushwa cheo, kisha akaondolewa kazini. Alirudishwa baada ya Abraham Lincoln kuchaguliwa kuwa rais mwaka 1860, lakini kwa kazi ya kunakili nyaraka iliyolipwa kwa idadi ya maneno.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe

Mnamo 19 Aprili 1861 kikosi cha wanajeshi kutoka Massachusetts kilishambuliwa na umati wa watu kilipokuwa kinapita mjini Baltimore. Wanajeshi hao walipofika Washington, wengine wakiwa na majeraha, walilazwa katika jengo la Bunge kwa kukosa mahali pengine. Barton alikwenda kuwahudumia na kugundua kwamba baadhi yao walikuwa wanafunzi wake wa zamani. Alianza kukusanya vyakula, nguo na bandeji, kwanza kutoka nyumbani kwake, halafu kwa kuomba msaada kupitia magazeti.

Kwa miezi mingi vifaa hivyo vilijazana katika makazi yake huku majeruhi wakifa mbali na hapo kwa kukosa huduma. Mnamo Agosti 1862 jeshi lilimruhusu kuvipeleka mwenyewe hadi medani. Alihudumu baada ya mapigano ya Cedar Mountain, na katika Antietam na Fredericksburg mwaka huohuo. Huko Antietam, tarehe 17 Septemba 1862, risasi ilipenya kwenye mkono wa gauni lake na kumuua askari aliyekuwa anamnywesha maji. Kwa kazi hiyo alipewa jina la Malaika wa Uwanja wa Vita.

Mwaka 1863 alikwenda Hilton Head, kwenye visiwa vya pwani ya South Carolina vinavyoitwa Sea Islands. Jeshi la Muungano lilikuwa limeviteka tangu Novemba 1861. Mabwana wa mashamba ya pamba walikimbia, na watumwa wao walibaki na kuanza maisha ya uhuru kabla ya vita kwisha. Huko Barton alijenga urafiki na Frances Dana Gage, mwanaharakati aliyekuwa akifanya kazi na watu hao. Gage alimfanya atazame kwa undani zaidi suala la haki za watu weusi na za wanawake. Barton aliwahudumia pia majeruhi wa shambulio la Fort Wagner, wakiwemo askari weusi wa Kikosi cha 54 cha Massachusetts. Miaka 30 baadaye alirudi visiwani humo kwa sababu nyingine.

Kutafuta askari waliopotea

Vita vilipokwisha mwaka 1865, maelfu ya familia hazikujua waume, baba na wana wao wako wapi. Barton alifungua ofisi mjini Washington ya kuwatafuta. Yeye na wasaidizi wake walijibu barua zaidi ya 63,000 na kupata habari za askari zaidi ya 22,000.

Katika majira ya joto ya mwaka huo alikwenda Andersonville, jimbo la Georgia, palipokuwa na gereza la wafungwa wa vita. Dorence Atwater, askari aliyewahi kufungwa humo, alikuwa amenakili kwa siri orodha ya waliokufa. Kwa kutumia orodha hiyo, makaburi karibu 13,000 yaliwekewa alama, na ni mia chache tu yaliyobaki bila majina. Kuandika majina, kutunza orodha na kujibu barua moja baada ya nyingine zikawa njia zake za kazi hata katika miaka ya maafa iliyofuata.

Kati ya mwaka 1866 na 1868 alisafiri nchini akitoa mihadhara. Katika miaka hiyo alifahamiana na Susan B. Anthony, mtetezi wa haki ya wanawake ya kupiga kura, na Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akawa kiongozi mashuhuri wa watu weusi. Barton aliunga mkono harakati zote mbili.

Kukutana na Msalaba Mwekundu

Kazi nyingi zilimchosha, na mwaka 1869 alikwenda Ulaya kupumzika. Mjini Geneva, Uswisi, alitembelewa na Dk. Louis Appia, mmoja wa waasisi wa Msalaba Mwekundu, ambaye alitaka kujua kwa nini Marekani haijatia saini Mkataba wa Geneva wa mwaka 1864. Barton hakuwa amewahi kusikia habari za mkataba huo.

Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia, na Barton alishiriki katika huduma akishirikiana na Louise, mke wa mtawala wa Baden. Mji wa Strasbourg ulikuwa umebomolewa kwa mizinga na wakazi wengi walibaki bila nguo wala kipato. Badala ya kugawa nguo tu, Barton alianzisha vyumba vya kushonea ambamo wanawake wa mji walishona nguo kwa malipo. Nguo hizo ziligawiwa kwa wahitaji, na malipo yaliwapatia washonaji fedha za kununua chakula. Mpango huo wa kutoa msaada kwa njia ya kazi aliurudia mara nyingi baadaye.

Kuanzishwa kwa Msalaba Mwekundu wa Marekani

Barton alirudi Marekani mwaka 1873 akiwa mgonjwa, na ilimchukua miaka kadhaa kupata nafuu. Baadaye alianza kuishawishi serikali ikubali Mkataba wa Geneva. Viongozi wengi waliona kwamba Marekani haitakuwa na vita vikubwa tena, hivyo haihitaji shirika la majeruhi. Barton alijibu hoja hiyo kwa kueleza kwamba nchi kubwa kama Marekani hupatwa kila mwaka na moto, mafuriko, vimbunga na homa za mlipuko, na haina chombo chochote cha kitaifa cha kusaidia.

Tarehe 21 Mei 1881 shirika lilianzishwa mjini Washington, naye akawa rais wake. Tawi la kwanza lilifunguliwa Agosti mwaka huo huko Dansville, jimbo la New York, alikokuwa anaishi. Wiki chache baadaye, mnamo Septemba, moto mkubwa wa misitu uliteketeza vijiji na mashamba katika jimbo la Michigan. Matawi machanga ya shirika yalikusanya fedha, nguo na vifaa kwa ajili ya waathirika. Hiyo ilikuwa kazi ya kwanza ya maafa ya Msalaba Mwekundu wa Marekani, na ilifanyika kabla serikali haijaridhia mkataba. Marekani iliuridhia Machi 1882.

Mafuriko ya mto Ohio

Mapema mwaka 1884 mto Ohio ulifurika, ukafuatwa na mto Mississippi. Barton alikodi boti za mvuke zilizobeba chakula, nguo, makaa ya mawe, mbegu, zana za kilimo na mbao, akasafiri kutoka kituo hadi kituo. Maji yalipopungua, boti zilishusha mbao, misumari na vifaa vya nyumbani ili familia zianze kujenga.

Katika safari hiyo kulitokea kisa kilichokuja kujulikana sana. Watoto sita wa mji wa Waterford, jimbo la Pennsylvania, walikuwa wameigiza mchezo ili kuchangisha fedha, wakapata dola 51.25. Fedha hizo zilifikishwa kwa Barton, naye akazitumia kwa ajili ya mjane mwenye watoto sita aliyepoteza nyumba yake kando ya mto.

Mwaka huohuo Barton alihudhuria mkutano wa kimataifa wa Msalaba Mwekundu mjini Geneva. Wajumbe walikubali kwamba vyama vya Msalaba Mwekundu vinaweza kutoa msaada katika maafa wakati wa amani. Nyongeza hiyo huitwa mara nyingi nyongeza ya Marekani, na ndiyo iliyofungua njia kwa kazi inayofanywa leo na vyama hivyo karibu katika nchi zote.

Mafuriko ya Johnstown

Tarehe 31 Mei 1889 bwawa la South Fork lilipasuka baada ya mvua kubwa, na maji yake yakaporomoka bondeni hadi Johnstown, mji wa viwanda vya chuma katika jimbo la Pennsylvania. Watu 2,209 walifariki.

Mvua ilikuwa ya asili, lakini maafa yenyewe yalikuwa na mkono wa binadamu. Bwawa lilimilikiwa na klabu ya uvuvi na uwindaji ya matajiri wa Pittsburgh, ambao miongoni mwao walikuwa Andrew Carnegie na Henry Clay Frick. Ukuta wa bwawa ulikuwa umepunguzwa kimo, mabomba ya kutolea maji yalikuwa yameshaondolewa, na mlango wa maji ya ziada uliwekewa nyavu ili samaki wasitoroke. Walioishi chini ya bwawa walikuwa wafanyakazi na familia zao, wengi wao wahamiaji kutoka Ulaya. Kesi zilipopelekwa mahakamani, klabu haikuamriwa kulipa fidia.

Barton alifika tarehe 5 Juni pamoja na madaktari na wauguzi wapatao 50. Alikuwa na umri wa miaka 67. Walianza kwa kukaa katika mahema, kisha wakajenga ghala la misaada na majengo makubwa ya mbao yaliyoitwa hoteli za Msalaba Mwekundu, ambamo familia zilizopoteza makazi zilipata vyumba na chakula. Waandishi wa habari na wageni wengi waliondoka baada ya wiki chache. Barton alibaki kwa miezi mitano. Majengo hayo yalipobomolewa, sehemu ya mbao zake zilitumika kujenga nyumba yake huko Glen Echo, jimbo la Maryland, ambayo ilikuwa pia ghala na ofisi ya shirika.

Kimbunga cha Sea Islands

Usiku wa tarehe 27 Agosti 1893 kimbunga kikali kilipiga pwani karibu na Savannah, jimbo la Georgia, na kusukuma maji ya bahari juu ya visiwa vya Sea Islands. Idadi ya waliokufa haikuhesabiwa kikamilifu. Hukadiriwa kuwa kati ya 1,000 na 2,000 au zaidi. Watu wapatao 30,000 walibaki bila makao. Mazao yalisombwa, visima vikaingia maji ya chumvi, mashua zikavunjika, na machimbo ya fosfeti yaliyowapatia wengi ajira yakaharibika.

Karibu waathirika wote walikuwa watu weusi, yaani watumwa wa zamani na watoto wao, wanaojulikana kwa utamaduni na lugha yao ya Kigullah. Wengi walikuwa wakulima wadogo waliomiliki vipande vya ardhi walivyonunua wakati wa vita na baada yake. Umiliki huo ulikuwa jambo adimu kwa watu weusi wa Kusini, na njaa ingeweza kuwalazimisha kuuza ardhi au kuiacha. Hali ya kisiasa nayo ilikuwa mbaya. Gavana wa South Carolina, Benjamin Tillman, alikuwa mtetezi wa wazi wa utawala wa wazungu, na mwaka 1895 jimbo lilipitisha katiba mpya iliyowanyima watu weusi wengi haki ya kupiga kura.

Hata hivyo Tillman aliomba msaada wa Msalaba Mwekundu. Barton alitembelea visiwa mwezi Septemba, na tarehe 1 Oktoba shirika lilichukua jukumu lote la misaada, makao yake yakiwa katika mji wa Beaufort. Bunge la Marekani halikutenga fedha. Shirika lilikuwa na takriban dola 30,000 za michango, yaani kama dola moja kwa kila mtu, kwa kipindi cha kuanzia vuli hadi mavuno ya mwaka uliofuata.

Kwa sababu hiyo mgawo ulikuwa mdogo sana. Familia ya watu saba ilipata kwa wiki chenga za mahindi kiasi cha lita tisa hivi na ratili moja ya nyama ya nguruwe. Wenyeji waliongezea samaki na chaza waliowavua wenyewe. Wanaume wenye nguvu walichimba mitaro ya kuondoa maji ya chumvi na maji yaliyotuama mashambani, kazi iliyosaidia pia kupunguza homa, na walijenga upya nyumba kwa mbao zilizotolewa. Wanawake waliunda vikundi vya ushonaji vilivyorekebisha nguo kuukuu zilizoletwa kwa masanduku kutoka Kaskazini. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1894 ziligawiwa mbegu za viazi, mahindi na mboga. Kazi ya kila siku ilisimamiwa na Dk. Julian Hubbell, msaidizi mkuu wa Barton katika maafa mengi.

Mpango huo ulilaumiwa kutoka pande mbili. Baadhi ya wazungu wa jimbo hilo walilalamika kwamba watu weusi wakipewa chakula watakataa kazi za mashambani. Barton aliendelea kugawa kwa kadiri ya uhitaji. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na hofu inayofanana na hiyo, kwamba msaada wa muda mrefu huwafanya watu kuwa tegemezi, na ndiyo maana alisisitiza kazi hata pale ambapo watu walikuwa wamedhoofika. Baadhi ya wanahistoria huona katika maandishi yake mtazamo wa mlezi juu ya watoto. Wengine husisitiza matokeo: wakati wa kiangazi cha mwaka 1894, Msalaba Mwekundu ulipoondoka baada ya miezi kumi hivi, mashamba yalikuwa yamelimwa tena na njaa kubwa iliyohofiwa haikutokea.

Kwa kulinganisha na Johnstown, maafa haya yalisahauliwa haraka. Johnstown iliandikwa katika magazeti ya dunia nzima na michango ilimiminika. Sea Islands, ambako huenda watu wengi karibu sawa walikufa, ilipata sehemu ndogo tu ya msaada huo.

Kazi nyingine na Galveston

Mwaka 1892 shirika lilishiriki kupeleka mahindi ya wakulima wa Iowa kwa watu wenye njaa nchini Urusi. Mwaka 1896 Barton, akiwa na umri wa miaka 74, alikwenda Istanbul kuongoza misaada kwa Waarmenia walionusurika mauaji katika Milki ya Osmani. Mwaka 1898 alikuwa Kuba wakati wa vita kati ya Marekani na Hispania.

Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa Galveston, jimbo la Texas. Kimbunga cha tarehe 8 Septemba 1900 kiliua watu wasiopungua 6,000, na hadi leo ndicho maafa ya asili yaliyoua watu wengi zaidi katika historia ya Marekani. Barton alifika akiwa na umri wa miaka 78 na mara nyingi aliugua akiwa huko. Shirika liligawa nguo na vifaa vya ujenzi, likasaidia watoto yatima, na kuwapa wakulima wa bara miche ya stroberi ipatayo milioni moja na nusu, kwa kuwa zao hilo lingewapatia fedha msimu uliofuata.

Lawama na kujiuzulu

Barton aliliongoza shirika kama alivyozoea kufanya kazi tangu vitani: aliamua mwenyewe, alikwenda mwenyewe, na mara nyingi alitumia fedha zake mwenyewe. Hesabu za shirika na hesabu zake binafsi hazikutenganishwa vizuri. Shirika lilipokua na kupewa hati rasmi na Bunge mwaka 1900, wajumbe wengine walidai taratibu za kisasa za fedha na uongozi. Kiongozi wa wapinzani hao alikuwa Mabel Boardman, na Rais Theodore Roosevelt naye alijitenga na uongozi wa Barton.

Kamati ya Seneti ilianza uchunguzi lakini ikaumaliza bila kumtia hatiani. Barton alijiuzulu Mei 1904, akiwa na umri wa miaka 82. Januari 1905 Bunge lilitoa hati mpya iliyoweka shirika chini ya usimamizi wa karibu zaidi wa serikali. Barton hakukata tamaa. Mwaka 1905 alishiriki kuanzisha chama cha kitaifa cha kufundisha huduma ya kwanza kwa wananchi wa kawaida.

Kifo

Barton hakuwahi kuolewa. Aliishi miaka yake ya mwisho Glen Echo, akaandika vitabu kuhusu Msalaba Mwekundu na kuhusu utoto wake. Alifariki nyumbani humo tarehe 12 Aprili 1912 kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na umri wa miaka 90. Alizikwa Oxford, Massachusetts, karibu na wazazi wake.

Urithi

Nyumba ya Glen Echo ilitangazwa mwaka 1975 kuwa eneo la kihistoria la taifa, la kwanza la aina hiyo kuenzi kazi ya mwanamke nchini Marekani. Ofisi yake ya kutafuta askari waliopotea iligunduliwa upya katika miaka ya 1990 ndani ya jengo lililokuwa karibu kubomolewa mjini Washington, na sasa ni makumbusho.

Suala la haki katika misaada ya maafa halikwisha na maisha yake. Katika mafuriko makubwa ya mto Mississippi mwaka 1927, wakulima weusi walizuiwa katika kambi za misaada na kulazimishwa kufanya kazi kwenye matuta ya mto, huku Msalaba Mwekundu ukilaumiwa kwa kuacha wenye mashamba wasimamie mgawo. Tume ya Wamarekani weusi iliyoongozwa na Robert Moton ilichunguza malalamiko hayo. Wanaosoma historia ya misaada hulinganisha matukio hayo mawili, kwa kuwa katika Sea Islands ugavi ulibaki mikononi mwa shirika, na wakulima walibaki kwenye ardhi yao.

Mwaka 1919 vyama vya kitaifa viliunda shirikisho la kimataifa ambalo kazi yake kuu ni maafa ya wakati wa amani. Vyama vya Msalaba Mwekundu vya Kenya, Tanzania na Uganda ni wanachama wake, na hufahamika kwa wananchi hasa kwa huduma zao wakati wa mafuriko, ukame na magonjwa ya mlipuko, yaani kazi ileile ambayo Barton aliitetea kabla haijakubaliwa mwaka 1884.